Hema la hiari si hema la ukimbizi

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

MAMA yule alifika shuleni saa moja kasoro asubuhi, kabla kengele haijalia. Mkononi alikuwa na karatasi ya ruhusa ya mzazi, ile tuliyowapa wanafunzi wa kidato cha tatu waipeleke nyumbani. Sehemu ya sahihi ilikuwa tupu.

"Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili," alisema baada ya salamu. "Unataka mwanangu abebe mzigo mgongoni, apande Mlima Kigali, ashuke Nyabarongo, kisha alale kwenye hema kule Kamonyi. Mimi kwenye hema nimelala, Mwalimu. Nililala nikiwa na miaka minane, na si kwa kupenda. Nimerudi nchini mwangu ili mtoto wangu alale kitandani. Leo wewe wataka kumrudisha kule nilikotoka?"

Nilikosa jibu. Mama huyo ni mfanyabiashara. Hununua vitenge na vyombo vya plastiki Kampala, huvuka navyo Gatuna na kuviuza Nyabugogo. Ni mtu wa kazi, hana muda wa kubembeleza maneno. Alizaliwa Mbarara, Uganda, na mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa katika vijiji vyao na ng'ombe wao kuporwa, familia yake ilikuwa miongoni mwa maelfu waliokwama Merama Hills, mpakani. Mbele mpaka ulifungwa, nyuma hapakuwa na pa kurudi. Walilala chini ya matawi na shitingi, wakinyeshewa.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi. Wapo waliokulia Nakivale, wapo wa Karagwe na Ngara, wapo wa Masisi na Bujumbura. Wapo pia waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013, wakapokewa katika kambi ya Kiyanzi, Kirehe, wakiwa na watoto wachanga na sufuria mbili tatu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzazi wa namna hiyo ukimtajia hema, moyo wake unaruka.

Hata hivyo, naandika makala haya kuwaomba wazazi wa aina hiyo, na mimi ni mmoja wao, wakubali kulitazama upya hema hilo. Lipo hema la ukimbizi, lipo na hema la hiari. La kwanza lilitunyang'anya mengi. La pili laweza kuwapa watoto wetu kitu ambacho darasa peke yake haliwezi.

Tuzo ya Rais ni nini?

Waliosoma Kenya wataikumbuka. Kuanzia mwaka 1966 Kenya imekuwa na mpango wa vijana uitwao Tuzo ya Rais. Mlezi wake ni Rais wa nchi, na mwaka 2017 Bunge la Kenya liliutungia sheria yake. Ni tawi la mpango ulioanzia Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Mtawala wa Edinburgh, ambao leo unaendeshwa katika nchi zaidi ya 130. Unawahusu vijana wa umri wa miaka 14 hadi 24, nao una ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu.

Katika kila ngazi kijana hufanya mambo manne. La kwanza ni huduma kwa jamii. La pili ni stadi, yaani ujuzi fulani wa mikono au wa akili, kama vile ushonaji, muziki au ufugaji wa nyuki. La tatu ni mazoezi ya mwili. La nne, ambalo ndilo linalotia watu hofu, ni safari ya porini au milimani. Wa Dhahabu huongezewa jambo la tano: kukaa angalau siku tano katika kazi ya pamoja na watu asiowajua.

Mambo matatu ya mwanzo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji subira. Kijana hutakiwa kutumia walau saa moja kwa juma kwa kila jambo, miezi mitatu hadi sita kwa Shaba, na kwa Dhahabu mwaka mzima na zaidi. Asiyezoea kumaliza alichoanza hujulikana mapema.

Safari nayo ina masharti yake. Kwa Shaba ni siku mbili na usiku mmoja, kwa Fedha siku tatu na usiku mbili, kwa Dhahabu siku nne na usiku tatu. Vijana huenda kwa kundi la watu wanne hadi saba. Hubeba wenyewe chakula, hema na maji yao, na husoma ramani na dira wenyewe. Kabla ya safari yenyewe hufundishwa huduma ya kwanza, upishi na usalama, kisha hufanya safari ya majaribio.

Mwalimu hatembei nao. Hili ndilo sharti ambalo watu wengi hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo moyo wa mpango wote. Mwalimu anajua njia yao, anajua wanapaswa kufika wapi saa ngapi, anawasubiri katika vituo vilivyopangwa, na linapotokea jambo la hatari yupo karibu. Lakini njiani wako peke yao. Wakipotea, watafute njia. Wakigombana, wapatane.

Jingine ni kwamba hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Watoto wetu wamezoea ripoti ya shule yenye nafasi: wa tatu kati ya 46, wa 40 kati ya 46. Katika Tuzo hii hakuna nafasi. Kijana hujiwekea lengo lake na hupimwa kwa lengo hilo. Mwenye mguu dhaifu aliyejiwekea lengo la kutembea kilomita tano na akazitembea hupata beji ileile anayopata mkimbiaji.

Kazi ya wakimbizi

Kuna jambo kuhusu mpango huu ambalo nililifahamu nikiwa mtu mzima tayari, na nilipolifahamu nilikaa nikalitafakari sana. Mwenye fikra hii alikuwa mkimbizi.

Jina lake ni Kurt Hahn. Alikuwa mwalimu Mjerumani wa kizazi cha Kiyahudi, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886, na mkuu wa shule ya Salem kusini mwa Ujerumani. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, Hahn alimpinga hadharani, akatiwa ndani. Aliachiwa baada ya watu mashuhuri wa Uingereza kumwombea, na mwaka huohuo akakimbilia Uingereza. Mwaka 1934 alifungua shule mpya huko Scotland, iitwayo Gordonstoun, na miaka miwili baadaye akaanzisha beji kwa vijana wa eneo hilo la Moray. Beji hiyo ndiyo babu wa Tuzo ya leo.

Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo pale Scotland alikuwa Philip, mwana wa mfalme wa ukoo wa Ugiriki. Ukisikia mwana wa mfalme utadhani alikulia kwenye dhahabu. La hasha. Familia yake ilifukuzwa Ugiriki mwaka 1922 akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na husimuliwa kwamba alitolewa nchini akiwa amelazwa katika kasha la machungwa. Utoto wake ulikuwa wa kuhamahama kati ya nchi za watu na nyumba za ndugu. Ni huyuhuyu ambaye baadaye alimwoa Malkia Elizabeth na kuitwa Mtawala wa Edinburgh. Mwaka 1956, kwa ushauri wa mwalimu wake Hahn, aliianzisha Tuzo. Aliyepewa kuiongoza mwanzoni ni John Hunt, kiongozi wa msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Mwanzoni ilikuwa ya wavulana tu, na wasichana wakafunguliwa mlango mwaka 1958.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mzee aliyebuni mpango huu na kijana aliyeuanzisha wote walijua maana ya kufungasha usiku. Hawakubuni mchezo wa watoto wa matajiri waliochoka na starehe. Waliona kwamba mtoto aliyepoteza kila kitu anaweza kubaki na jambo moja ambalo hakuna askari wa mpakani awezaye kumpokonya, nalo ni kujua kwamba aliwahi kuweza.

Hahn alikuwa na ushahidi mwingine pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli za Waingereza zilipozamishwa, mwenye kampuni moja ya meli, Lawrence Holt, aliona kwamba katika mashua za kujiokolea mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakifa mapema kuliko wazee. Misuli walikuwa nayo. Walichokosa ni uzoefu wa shida na imani kwamba shida ina mwisho. Mwaka 1941 Holt na Hahn walifungua shule ya mafunzo ya aina hiyo huko Aberdovey, Wales. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya jinsi hiyo ilifunguliwa Kenya, huko Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Longonot, 1995

Niruhusuni nieleze yangu. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa vijana. Nilipofika miaka kumi na miwili mjomba alinichukua Kenya, na baadaye nikaingia shule moja ya wasichana ya bweni. Pale nilijiita Mhaya wa Bukoba. Sikutaka maswali. Mwaka 1994, redio ilipokuwa ikitaja Rwanda kila saa, nilikaa kimya zaidi. Bwenini waliniita "Bubu".

Mwaka 1995, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa jiografia aliniandikisha katika Tuzo ya Rais ngazi ya Fedha. Nadhani alinihurumia. Safari yetu ilikuwa ya siku tatu, kutoka Hell's Gate karibu na Naivasha hadi Mlima Longonot. Tulikuwa wasichana sita.

Longonot si mlima wa kutisha kwa macho. Una mita 2,776, na chini yake kuna tambarare ya Bonde la Ufa. Lakini ni mlima wa volkano, vumbi lake ni laini kama unga wa dengu, na juu yake hakuna maji. Kila tone ulitakalo lazima ulibebe. Mimi, kwa kiburi cha mtu asiyetaka kuonekana dhaifu, sikusema kwamba chupa yangu moja ilikuwa inavuja. Tulipofika ukingoni mwa shimo la volkano nilikuwa sina maji hata kidogo, na kuuzunguka ukingo ule ni kilomita saba na ushei, kupanda na kushuka.

Aliyegundua ni msichana wa Kisii ambaye hata hatukuwa tukisalimiana vizuri. Hakunikemea. Aliwaita wenzake, tukakaa chini, chupa zote zikawekwa katikati, tukayapima maji kwa kifuniko: kila mtu vifuniko vitatu kila baada ya nusu saa, mimi nikiwamo. Tulishuka jioni midomo imepasuka, lakini sote sita.

Usiku ule ndani ya hema niliwaambia mimi ni nani. Niliwaambia baba yangu alikuwa amevuka kwenda Rwanda kuwatafuta ndugu zake, na kwamba wengi hakuwakuta. Hakuna aliyesema neno la busara. Yule wa Kisii alinisogezea blanketi. Kuanzia hapo sikuitwa tena Bubu.

Tangu siku ile nimeamini kwamba kujiamini hakuletwi na kusifiwa. Tunawaambia watoto "unaweza, unaweza" mpaka maneno yanaisha ladha. Mtoto huamini anaweza siku anapoangalia nyuma na kuona mlima aliotoka. Ushirikiano nao hauletwi na wimbo wa umoja. Huletwa na hesabu ya maji: yaliyopo ni haya, tupo sita, tufanyeje?

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili kuliko walimu. Mama anayevuka na mzigo wa nyanya Rusumo au Gatuna hujua nani katika kundi lake atamlindia mzigo akienda kugonga muhuri, na nani atamkimbia mvua ikianza. Hakulijua hilo kwa kuambiwa. Alilijua njiani.

Kigali mpaka Ruyenzi

Turudi Kigali. Watoto ninaowafundisha ni wazuri, wana adabu, na mitihani wanaifaulu. Lakini nimeona jambo. Ukiwapa kazi ya kundi, mmoja mwenye akili anaandika yote na wengine wanaandika majina. Ukiwauliza swali lisilo na jibu kitabuni, wanatazama chini. Wengi hutoka nyumbani kwa gari au moto hadi shuleni, kisha masomo ya ziada, kisha simu. Wana miaka 15 na hawajawahi kupotea.

Ndiyo maana mimi na mwalimu mwenzangu wa michezo tuliamua kuazima kanuni za Tuzo kwa klabu yetu. Hatukuwa na beji, wala hatukudai kuwa nazo. Tulichukua kanuni tu: kundi la watu saba, mafunzo kwanza, safari ya majaribio, mizigo yao wenyewe, na walimu nyuma. Njia yetu ilikuwa Nyamirambo, Mlima Kigali, kushuka hadi Nyabarongo, kuvuka daraja la barabara ya Muhanga na kupanda Ruyenzi, wilayani Kamonyi, ambako tuliomba uwanja wa shule kwa usiku mmoja.

Ndipo akaja yule mama na karatasi yake tupu.

Baada ya kukosa jibu, nilimwomba jambo moja. Jumamosi ile vijana wangejifunza kusimamisha hema uwanjani hapa shuleni. Aje aone, kisha aamue. Alikuja, akasimama pembeni akiwa amekunja mikono. Vijana walihangaika na nguzo kwa muda wa saa nzima. Hatimaye hema zikasimama, wakapiga makofi.

Mama aliizunguka ya kwanza, akaisukuma kwa kidole, ikayumba.

"Hii mvua ikija usiku mtaogelea," alisema. "Mfereji uko wapi?"

Walitazamana. Mfereji gani? Mama alivua viatu, akaomba jembe. Aliwaonyesha jinsi ya kuchimba kijifereji kuzunguka hema, upande wa juu kina zaidi, na njia ya maji kutokea upande wa mteremko. Akawaonyesha fundo la kamba ambalo hukaza upepo ukivuta. Akawakataza kugusa turubai kwa ndani wakati wa mvua, kwa kuwa maji hupenya pale palipoguswa. Saa mbili alikuwa akifundisha, na binti yake alikuwa akimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Haya yote umejifunzia wapi, mama?" binti aliuliza.

"Merama Hills," alijibu. Ilikuwa, kama alivyoniambia baadaye, mara ya kwanza kulitaja jina hilo mbele ya mtoto wake.

Karatasi ya ruhusa aliitia sahihi palepale, juu ya goti.

Walivyopotea

Safari yenyewe haikwenda kama ilivyopangwa, na hiyo ndiyo faida yake. Ramani alipewa kijana aliyekuwa wa kwanza darasani, maana wenzake waliona ni haki yake. Kwenye njia panda moja baada ya kilele cha Mlima Kigali alichagua njia ya kulia. Binti wa yule mama alisema polepole kwamba anadhani ni kushoto. Hakuna aliyemsikia, na yeye hakurudia. Walishuka muda wa saa nzima hadi kwenye mafunjo ya bonde, mahali ambapo njia iliishia kwenye shamba la viazi vitamu.

Nilikuwa nyuma yao, juu ya kilima, nikiwaona. Ninakiri kwamba hiyo ilikuwa saa ngumu kuliko zote katika kazi yangu ya ualimu. Mdomo uliniwasha. Mwenzangu alinishika mkono akasema, "Waache. Hawajafika kwenye hatari, wamefika kwenye kosa."

Walilaumiana kwanza, kwa sauti tuliyoisikia juu. Kisha wakakaa. Kisha kikawa kimya kirefu. Walipoinuka walirudi walikotoka, wakipanda ule mlima mara ya pili na mizigo yao. Baadaye walitueleza walichokubaliana pale shambani: katika kila njia panda wote saba watasimama, na kila mmoja atasema neno lake kwa sauti kabla mguu haujanyanyuka, akianza yule mpole kuliko wote. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kanuni hiyo. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni pale tu wengi hao wanaposikilizwa.

Mwingine alipata malengelenge miguuni. Mzigo wake uligawanywa, huyu akachukua sufuria, yule mchele, na yeye akawekwa mbele ili kundi liende kwa mwendo wake. Walivuka daraja la Nyabarongo saa kumi na moja jioni, saa mbili nyuma ya ratiba. Usiku mvua ilinyesha Ruyenzi, mvua ya kweli. Asubuhi niliwakuta wakavu. Mifereji ilikuwa imejaa maji mekundu ya udongo, yakitiririka kuelekea mteremkoni kama mama alivyosema.

Siwezi kudai kwamba siku mbili ziliwageuza watoto saba. Kijana wa ramani bado anapenda kusema kwanza. Lakini sasa akimaliza humgeukia mwenzake na kuuliza, "Na wewe?" Na binti yule mpole siku hizi ukimpita bila kumsikiliza, anarudia mara ya pili.

Tuna cha kwetu

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wageni. Kabla hawajasema, tukumbuke kwamba Rwanda ya zamani ilikuwa na Itorero, shule iliyowalea vijana kwa ngoma, ushujaa, ufasaha wa kusema na utii kwa kundi. Lilififia wakati wa ukoloni, na likafufuliwa mwaka 2007. Mwaka 2013 ukaanza Urugerero, ambao kwao vijana wanaomaliza sekondari hutumikia jamii. Uskauti nao una miaka mingi nchini. Kwa hiyo mbegu tunayo.

Haya hayashindani. Itorero hukusanya vijana wengi pamoja na huwapa maadili ya nchi yao. Kundi dogo la Tuzo huwapa nafasi ya kuyatumia maadili hayo mahali ambapo hakuna mkubwa anayewatazama. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi hufunza kazi ya pamoja, na saa moja ya kila juma ambayo kijana ameichagua mwenyewe, kumsomea kizee asiyeona au kufundisha watoto hesabu, humfunza kudumu.

Aidha, tusifiche matatizo. Jambo hili likiachwa kwa shule za wenye fedha, litakuwa kiburi kingine cha kuandika kwenye barua za kuomba chuo. Sisi hema tuliziazima kwa maskauti, sufuria zilitoka majumbani, na mashanta mawili yalikuwa mifuko iliyoshonewa mikanda na fundi wa Nyamirambo. Usalama ni lazima: uongozi wa eneo upewe taarifa, awepo mwalimu wa kike penye wasichana, sanduku la huduma ya kwanza liwepo, na safari isitishwe pale inapobidi. Wasichana waelezwe mapema namna ya kujitunza siku zao, bila aibu. Na mtoto asiyetaka asilazimishwe. Safari ya kulazimishwa sisi tunaifahamu, hatuhitaji kuwafundisha.

Mwalimu naye ajifunze kazi ngumu ya kunyamaza. Mzazi vilevile. Tulioteseka tuna tabia ya kuwabebea watoto kila mzigo, tukidhani ndio upendo. Mtoto asiyebeba kitu mbele yetu atakuja kubebeshwa mbele ya watu wasiompenda.

Juma lililopita yule mama alinipigia simu akiwa Katuna, upande wa Uganda, akisubiri mzigo wake ukaguliwe. Aliuliza safari ijayo ni lini. Nikamwambia ni likizo ijayo, Mungu akipenda.

"Basi mara hii nipe mimi wale wapya," alisema. "Mfereji wa mara ya kwanza waliuchimba mwembamba mno."